Aivi ukutani: hadhi au mahame?

Mtafsiri wa Kiswahili anapokutana na jengo la Kiingereza lililofunikwa na aivi, ule mmea wa Ulaya unaopanda kuta mpaka paani, huwa na njia mbili. Ama auache mmea ulivyo, msomaji wa Tanga au Bukavu ajikisie mwenyewe, ama auruke aandike "chuo kikongwe chenye hadhi" na safari iendelee. Nimezipita njia zote mbili, na kila mara nimebaki na dukuduku.

Wanaotetea njia ya pili wana hoja nzito. Katika Kiingereza cha leo, hasa cha Marekani, aivi ni kama imeacha kuwa mmea. Mwandishi wa gazeti anayetaja kumbi zenye aivi hajaenda kutazama ukuta wowote. Anasema fedha, ukoo, karo ya kutisha na mlango mwembamba. Jina la Ivy League lilivuma kutoka kwa waandishi wa michezo wa miaka ya 1930, likaja kuwa rasmi mwaka 1954 vyuo vinane vya mashariki mwa Marekani vilipofunga mkataba wa michezo. Saba kati ya hivyo ni vya kabla ya uhuru wa nchi hiyo. Cornell ndicho kitinda mimba, cha mwaka 1865. Basi kama mwandishi alikuwa akisema hayo, kumletea msomaji wetu majani ni kumpa ganda na kubaki na chungwa.

Tena majani yenyewe mara nyingi si aivi. Aivi halisi haipukutishi, ni ya kijani mwaka mzima. Ile inayowaka nyekundu kwenye picha za vyuo vya Marekani ifikapo Oktoba asili yake ni Asia ya Mashariki, na ni binamu wa mzabibu. Mji wa Boston umeipa jina tu. Kila mmoja hupanda kwa namna yake. Huo wa Asia una visahani vidogo vya kunata, kama vidole vya mjusi kafiri. Aivi ya Ulaya hujishika kwa vijizizi vifupi vilivyosongamana kama nywele za mswaki, na ukiibandua vinabaki ukutani, vikavu, rangi ya kahawia, vimeandika njia yote uliyopita mmea.

Na huo ukongwe? Sehemu yake ulipandwa kwa makusudi. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kina desturi tangu mwaka 1873: wanaohitimu hupanda aivi na kuacha jiwe la kumbukumbu ukutani. Harvard nao, miaka ya 1980, waliing'oa kwenye majengo yao kwa kuhofia matofali. Sifa ikabaki bila jani.

Hapo ningekuwa nimeshakubali, kama si washairi. Mwaka 1751 Thomas Gray alichapisha shairi lake la makaburini, na ndani yake mna mnara uliovikwa aivi, na bundi anaunung'unikia mwezi. Hakuna chuo wala karo pale. Aivi ni vazi la kitu kilichoachwa. Dickens naye, katika riwaya yake ya kwanza, aliweka shairi zima kuhusu aivi inayonenepa kwa kula magofu. Ukimtafsiria Gray "mnara wenye hadhi" umemuua.

Kinachonivutia ni kwamba bundi huyo tunaye. Katika utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anatupitisha kwenye majumba ya mji wa Pate yaliyohamwa: madaka yaliyopangwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege, na bundi analia katikati ya nyumba. Msomaji wa Kiswahili haihitaji Uingereza imfundishe gofu. Tofauti ni kwamba gofu letu halikupanda cheo likawa nembo ya wenye nacho. Pwani, mmea ukutani ni adui: ndege hudondosha mbegu ya mkuyu kwenye ufa, mzizi unanenepa ndani ya chokaa na matumbawe, ukuta unapasuka. Pale Gede, mji wa kale wa pwani ya Kenya, mizizi imezikumbatia kuta na wageni wanapiga picha, lakini Gede ni mahame.

Waingereza wenyewe hawajaafikiana. Kwa muda mrefu wahifadhi waliikata aivi bila huruma. Kisha watafiti wa Oxford wakapima na kuona kwamba kwenye ukuta mzima hupunguza joto la kiangazi na baridi ya usiku, na majani hunasa vumbi na moshi wa magari. Madhara huja pale penye ufa tayari. Ni jibu la fundi, nami nalipenda.

Kwa sasa nafanya hivi: kwenye habari za magazeti nauruka mmea na kuchukua maana; kwenye fasihi nauacha usimame. Kanuni hii huvunjika mwandishi anapokejeli, anapotaka hadhi na uozo katika neno moja. Majuzi nilikuwa na sentensi ya namna hiyo, kuhusu chuo tajiri kisichotaka kubadilika. Niliandika "kuta zilizomezwa na mmea wa kutambaa". Mhariri, mtu wa Unguja, akanirudishia na swali pembeni: "Kwani wenyewe wamehama?"