Rudisheni thamostati mliyoitoa

"Hii ni nchi ya joto, toa hiyo thamostati utupe." Mpaka leo wenye Toyota Celica za injini ya 3S-GE wanaambiwa hivyo na mafundi hapa Kampala kuhusu vali hii inayofunguka na kujifunga kwa joto la maji ya injini, na wengi wanakubali. Inauma, kwa sababu Toyota iliacha kutengeneza Celica mwaka 2006, na tangu sheria ya 2018 izuie kuingiza magari yaliyozidi miaka 15, tumebaki na hizi hizi zilizopo. Silinda hedi (kichwa cha injini) ya ST202, mojawapo ya Celica hizo, ikipinda kwa kuchemka, utaitafuta kwenye soko la vipuri la Kisekka mpaka uchoke.

Tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Kwenye 3S-GE, thamostati hukaa kwenye mlango wa maji yanayoingia, pale bomba la chini la rejeta linapoungana na injini. Ina sahani mbili. Ya mbele hufungua njia ya maji ya rejeta. Ya nyuma, wakati huohuo, huziba njia ya mkato inayorudisha maji ya moto moja kwa moja kwenye pampu. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, na sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kuonja rejeta. Gari likinasa kwenye foleni ya Jinja Road jioni, mshale unapanda, na fundi anaanza kulaumu rejeta. Vitabu vya ufundi vya Toyota vinasema wazi: usiitoe hata kama injini inachemka.

Asubuhi nayo ina madhara yake. Bila thamostati, kutoka Ntinda hadi mjini injini inafika haijapata moto wake. Kompyuta inaona baridi, inaongeza petroli. Petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushukia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Chomoa dipstiki unuse. Ikinuka petroli, na plagi zikiwa nyeusi kwa masizi, umeshapata jibu.

Sawa, thamostati ikikwama imefunga usiku katikati ya msitu wa Mabira, itoe ufike nyumbani. Kesho yake weka nyingine.

Kabla ya kuifunga hiyo mpya, ipime. Weka sufuria ya maji kwenye sigiri, tumbukiza kipimajoto, ning'iniza thamostati kwa uzi isiguse kitako. Sahani inatakiwa kuanza kuachia kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ikionyesha mwanya ingali baridi, haifai. Usisubiri nyuzi 100: Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, maji yake huchemka kwenye 96. Kabale, iliyo juu zaidi, huchemka chini ya hapo. Ndiyo maana mfuniko wa rejeta wenye mpira uliokatika ni hatari huku kwetu kuliko Mombasa. Shinikizo likivuja, maji yanachemka mapema.

Kuifunga ni kazi ya spana namba 10 na nati mbili. Injini iwe baridi kabisa, maji yamwagwe. Vika mpira mpya kwenye ukingo wa thamostati, usipake silikoni. Kile kitundu chenye kijipini kinachocheza kikae juu, maana hapo ndipo hewa hutokea. Kikikaa chini, hewa inanasa na injini inachemka ikiwa na thamostati mpya. Nati zibane kwa mkono mwepesi, niutoni-mita 9 zinatosha, vijiti vyake hukatika upesi.

Maji ya bomba peke yake hula aluminiamu. Changanya kulanti (dawa ya maji ya rejeta) na maji safi yaliyochujwa madini, nusu kwa nusu. Jaza polepole, hita ikiwa kwenye moto, uache injini iungurume bila mfuniko huku ukiminyaminya bomba la juu. Bomba la chini likipata joto, thamostati imefunguka. Ongeza, kisha funika.

Feni pia ikaguliwe. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo, ukifungua swichi ya ufunguo bila kuwasha injini na kuchomoa plagi ya swichi ya joto kwenye rejeta, feni inatakiwa kuzunguka. Isipozunguka, anza na fyuzi na relei kabla ya kununua mota.

Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko tena. Maji yakiwa yameshuka, kulikuwa na hewa iliyobaki. Jaza hadi shingoni na uangalie chupa ya akiba.