"Somo limeeleweka": shajara ya mwanachuo inafundisha nini?

Mwishoni mwa andalio la somo kuna nafasi ya tathmini na maoni. Fungua la mwanachuo aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, na aghalabu utakuta: "Somo limeeleweka, wanafunzi wameshiriki vizuri." Wiki nzima maneno ni hayo hayo, wino huo huo, imejazwa Jumapili usiku. Kwa kuliona hilo, wapo wakufunzi wanaotaka iandikwe pia shajara ya tafakuri, yaani daftari la kueleza kilichotokea darasani na kwa nini, na wapo wanaosema hiyo ni karatasi nyingine tu ya kujaza.

Wanaoitetea wana ushahidi. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, wafanyakazi wapya wa kampuni ya Wipro, India, waliokuwa mafunzoni, waliacha kazi dakika 15 kabla ya muda kwa siku 10, wakaandika waliyojifunza. Kwenye mtihani wa mwisho waliwapita kwa takriban asilimia 23 wenzao walioendelea na kazi hadi dakika ya mwisho. Ila mtihani ule ulipima yale yale waliyokuwa wakiyaandika, na kuandika ulichojifunza ni marudio. Kusimama mbele ya watoto 64 ni habari nyingine.

Tuchukue kipindi cha hesabu za sehemu. Mwanachuo anaandika: "Wanafunzi hawakuelewa, nitarudia." Hapo hakuna kitu cha kufanyia kazi. Sasa tuseme ameandika hivi: "Nilipoweka 1/2 + 1/3 ubaoni, 31 kati ya 64 walijibu 2/5. Wamejumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Mifano yangu yote ya mwanzo, kama 1/4 + 2/4, ilikuwa ya asili (namba za chini) zinazofanana, na sikusema kwa nini asili haijumlishwi. Kesho: ukanda wa karatasi wenye vipande 6 sawa, nusu ni 3, theluthi ni 2, jumla 5/6. Namba baadaye." Mistari saba, na kosa limehama kutoka kwa watoto hadi kwenye mpangilio wa mifano, ambako mwalimu ana uwezo wa kuligusa.

Wengi hupewa mwongozo wa tafakuri wa mtaalamu wa elimu Graham Gibbs, wa mwaka 1988, wenye hatua sita: tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango. Si mbaya, lakini mwanachuo aliyechoka humaliza ukurasa kwenye hatua mbili za kwanza. Afadhali mistari mitatu ya tukio, mmoja wa hisia, nusu ukurasa wa sababu, kisha sentensi moja ya kesho. Aandike siku ile ile, kabla idadi ya waliokosa haijageuka kuwa "wengi". Maingizo mawili kwa wiki yanatosha. Ukidai moja kwa kila kipindi utarudishiwa "somo limeeleweka". Majina ya watoto yasiwemo.

Hoja nzito ya wanaopinga ni alama. Anayejua atasahihishwa haandiki alichokosea. Au, werevu zaidi, anabuni kosa dogo na kulitatua ukurasa huo huo. Wakufunzi wanazijua toba hizi za kupangwa. Ukiondoa alama nazo, kwa wiki nane zenye maandalio, zana za kutengeneza na madaftari ya kusahihisha, shajara ndiyo itakayoachwa kwanza. Kwa hiyo sioni kama tatizo linaisha kwa kufuta alama. Zihamishwe, kutoka kwenye kukiri kosa hadi kwenye kilichobadilika katika kipindi kilichofuata. Mkufunzi mwenye wanachuo 40 hawezi kusoma kila daftari kwa makini hata akitaka. Aombe kurasa mbili tu, ile ya kosa na ile ya kipindi kilichofuata, zikiambatana na maandalio yake. Kama andalio la Jumatano bado linaanza na 1/4 + 2/4 na kurukia ubaoni, ukurasa wa Jumanne haukusomwa hata na aliyeuandika.