Muulizeni Mkausha Tumbaku Kuhusu Mvuke

Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, kuanzia Urambo mpaka Ujiji, sasa inaudhi. Msemaji ametulia kama mwalimu mkuu, na anaanza na jambo la kweli, ndiyo maana watu wanameza yote. Anasema gesi inayoongoza kwa kushika joto angani si hewa ukaa (kaboni dioksidi), ni mvuke wa maji. Kisha anauliza kwa madaha: hewa ukaa ni asilimia 0.04 tu ya hewa, mvuke unatoka baharini na ziwani, binadamu anaingiaje kwenye hili la dunia kupata joto? Wanagrupu wanamwaga vidole gumba.

Tumpe chake kwanza. Mvuke ndiye mkubwa, hilo halina ubishi. Karibu nusu ya kazi ya kushika joto inafanywa na mvuke, mawingu kama robo, hewa ukaa kama moja ya tano. (Anadai mvuke peke yake ni asilimia 95; hiyo kaiokota anakojua mwenyewe.) Na mtu wa Tabora hahitaji shahada kulijua hili. Julai anga jeupe, hewa kavu, mchana shati la mikono mifupi, alfajiri meno yanagongana, kwa sababu joto la ardhini limetoroka usiku kucha bila cha kulizuia. Januari wingu limetanda, unyevu tele, shuka moja linatosha.

Lakini hatubishani nani mkubwa. Tunauliza nani anaamua mvuke uwe kiasi gani. Hapo klipu inakata.

Jibu wanalo wakaushaji wa tumbaku ya mvuke, ile inayokaushwa kwa joto la moto, na mkoa huu wa Tabora umejaa hao. Jani bichi lina maji zaidi ya asilimia 80. Likishapangwa ndani ya bani, yaani banda la kukaushia, moto unaanza mdogo, joto linashikiliwa nyuzi 35 hadi 38, matundu yamefungwa ili unyevu ubaki na jani ligeuke njano kabla halijafa. Rangi ikikubali, matundu yanafunguliwa taratibu, joto linapandishwa kidogo kidogo hadi nyuzi 50 na kitu jani likauke, halafu karibu 70 ili uti wake nao ukauke. Sasa mkaushaji asinzie saa nane usiku, moto ushuke katikati ya safari. Je, mvuke uliojaa bani utabaki hewani kulinda joto? Thubutu. Unarudi kuwa maji, unalowanisha majani, na asubuhi jani lililokuwa njano ni kahawia na daraja lake la ubora limeporomoka. Mvuke ni mfuasi wa joto. Joto likipanda hewa inaubeba mwingi, likishuka inautua.

Angani ni vivyo hivyo. Kila joto linapopanda nyuzi moja, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia 7. Ukizidisha hapo, unadondoka. Tufanye hesabu. Mvuke wote wa dunia ukigeuzwa maji ni tabaka la milimita 25 tu. (Ziwa Tanganyika peke yake, kilomita za ujazo karibu 19,000, lina maji mengi kuliko mvuke wote ulio angani, ambao ni kama 13,000.) Dunia hunyeshewa wastani wa milimita 1,000 hivi kwa mwaka, haipishani sana na Tabora. Kwa hiyo mzigo wote wa mvuke unashushwa na kupakiwa upya mara 40 kwa mwaka, yaani kila baada ya siku 9 hivi. Mvuke wa leo, wiki ijayo uko mtoni. Hewa ukaa haina mvua ya kuishusha namna hiyo. Karibu nusu ya tunayotoa humezwa na bahari na mimea, na katika inayobaki, sehemu kubwa inakaa karne na karne.

Basi hewa ukaa ni nini katika bani letu? Ni udongo wa kusiriba. Bani lenye nyufa na bani lililosiribwa vizuri, kwa kuni zile zile, hayafiki joto moja. Kuni ni jua, na setilaiti zinalipima tangu 1978. Halijaongeza hata gogo. Kilichoongezeka ni udongo: kabla ya viwanda hewa ukaa ilikuwa sehemu 280 katika milioni, mwanasayansi Charles Keeling alipoanza kuipima mlimani Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 ilikuwa 315, leo imepita 420. Hiyo "0.04 tu" ilikuwa 0.028. Imepanda nusu nzima, na aina ya kaboni iliyomo inaonyesha imetoka kwenye makaa ya mawe na mafuta.

Ukishasiriba, joto linapanda kidogo, hewa inabeba mvuke zaidi, mvuke nao unashika joto zaidi. Hewa ukaa ikiongezeka maradufu, yenyewe peke yake inaleta kama nyuzi 1.2. Mvuke unachukua hizo na kuzifanya karibu mara mbili. Mtu atauliza, mbona basi haukimbii bila breki? Kwa sababu kila joto linaloongezeka linazaa nusu yake tu: mia inazaa hamsini, hamsini inazaa ishirini na tano, ukijumlisha zote hupiti mia mbili. Ndiyo kusema, ndugu wa klipu, kila unapoukuza mvuke unaizidishia hewa ukaa mashtaka. Umekuja mahakamani kumtetea mtu kwa ushahidi unaomfunga.

Wala si jambo jipya. Mwanasayansi wa Sweden, Svante Arrhenius, aliuweka mvuke kwenye hesabu zake mwaka 1896. Na mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka mwaka 1991, dunia ikapoa karibu nusu nyuzi, mvuke angani ukapungua nao, kama hesabu zilivyotaka. Wale wa "mvuke umeshashika joto lote, hakuna la kubaki" wakumbuke kwamba mvuke ni wa chini chini: juu kilomita 8 au 10 hewa ni kavu, hewa ukaa ipo ile ile, na ni huko juu joto linakopenyea kutoka.

Mawingu bado yanawatoa wataalamu jasho, nakubali. Mchango wa Tanzania kwenye moshi wa dunia ni kiduchu, nakubali, na anayemhubiria mkulima wa Kaliua huku ana magari matatu nyumbani anatia hasira. Hata dagaa wa Kibirizi, Kigoma: maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yakipata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba, chakula cha samaki kinapungua, lakini nyavu za macho madogo nazo zipo, tusizifiche nyuma ya tabianchi.

Kwa huyu msemaji nina ombi moja. Aje Urambo Februari, akabidhiwe bani lililojaa. Kuni tutaziondoa, kwa kuwa yeye anasema mvuke ndio unaoleta joto, na mvuke humo hautakosekana. Asubuhi tutakuja kuhesabu naye majani meusi.