Mbao za Bigo zibaki

Kuna wapanda milima wanaokereka wakikuta njia ya mbao katika kinamasi cha Bigo, kule Rwenzori, Uganda. Kwao mlima halisi ni tope hadi magotini, na mbao ni kumdekeza mgeni. Mimi nasema zibaki, na zilizooza zibadilishwe.

Mtazame mtu anayevuka kinamasi pasipo na mbao. Anaruka kutoka kichuguu kimoja cha nyasi hadi kingine, anateleza, anazama. Anayemfuata ameona, anapita pembeni. Wa tatu anakwenda pembeni zaidi. Msimu ukiisha, kijia cha mtu mmoja kimekuwa uwanja wa matope, na nyasi zile, zinazokua polepole kwenye baridi ya mita 3,400 hivi, zimekanyagwa zikafa. Tope analojivunia mtu kwenye picha mara nyingi limeletwa na miguu yetu.

Halafu kuna wapagazi, wengi wao Bakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo. Mgeni anapita Bigo mara moja akapata cha kusimulia. Wao wanapita kila safari, na mzigo wetu mgongoni. Sijamsikia mpagazi akililia tope.

Wala mbao haziufanyi mlima kuwa mteremko. Rwenzori si volkano kama Kilimanjaro. Ni miamba iliyoinuliwa na nguvu za Bonde la Ufa, kwa hiyo unapanda, unashuka, unapanda tena. Mvua hainyeshi kwa kalenda. Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, ndiyo miezi inayoitwa mikavu, na bado utalowa. Vaa gambuti. Buti za ngozi zikishalowa huko hazikauki. Gambuti unamwaga maji, unabadili soksi, unaendelea. Nguo za kulalia zifunge kwenye plastiki, na asubuhi uvae zilezile mbichi za jana hata kama unatetemeka.

Anayetaka ugumu zaidi, kilele cha Margherita kipo, mita 5,109. Barafu ya huko imesinyaa sana tangu Duke of Abruzzi, mpanda milima wa Italia, alipofika kileleni mwaka 1906, na hilo mlinzi wa hifadhi hawezi kulizuia kwa nyundo. Kule Bigo anaweza kuzuia uharibifu. Apigilie na wavu wa waya juu ya mbao, maana zikilowa zinateleza vibaya. Kiingilio tunalipa, sehemu yake ikinunua misumari, sina neno.