Nilivyomfunga Mhasibu Kidevu

Mwezeshaji aliposema, "Kila mtu atafute mwenzake," mimi nilikuwa nje nanunua vocha. Kurudi ukumbini nikakuta watu wameshakaa wawiliwawili kama ndala mlangoni mwa msikiti. Aliyebaki peke yake ni Mhasibu.

Hakubaki kwa bahati mbaya. Kwenye ghala letu hapa Tanga hakuna asiyedaiwa na Mhasibu karatasi fulani. Mimi alikuwa ananidai stakabadhi za masurufu ya safari ya Korogwe, sh. 50,000, tangu mwezi wa tatu. Hata salamu tulikuwa hatupeani tena. Akinikuta kwenye ngazi husema tu, "Stakabadhi."

Semina yenyewe ilikuwa ya huduma ya kwanza. Wakaguzi walifungua sanduku letu la huduma ya kwanza wakakuta chumvi na nusu pakiti ya biskuti, ndipo tukaletewa huyu dada, muuguzi mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe. Kusukuma kifua tulifanyia sanamu, mara 30 kisha pumzi 2, kwa sababu mtu anayepumua hasukumwi kifua hata kama mnadaiana. Bendeji ndizo tulifungana wenyewe kwa wenyewe: mmoja mgonjwa, mwingine mwokozi.

"Mzee, anza wewe kuwa mgonjwa," nikamwambia.

"Haya. Stakabadhi unaleta lini?"

Nikaanza na taya.

Kitambaa kinapita chini ya kidevu, kinapanda mpaka utosini, unafunga. Tulifundishwa kulia juu ya kushoto, kisha kushoto juu ya kulia, fundo linalala bapa na kulifungua ni rahisi. Mimi nilipiga kulia mara mbili. Hilo ni fundo la mbuzi. Mkono wa kushoto nikauning'iniza shingoni, kisha nikamlaza mkekani kwa ubavu wa kulia, goti limekunjwa, kama mgonjwa aliyezimia. (Baadaye dada alinifokea: aliyezimia hafungwi taya hata siku moja, akitapika matapishi yapite wapi? Nilikuwa nimechanganya masomo mawili.) Tuliambiwa pia tumfunike mgonjwa asipate baridi. Blanketi hakuna, nikavuta kitambaa cheupe cha mezani.

Mchana tulikuwa tumekula pilau. Feni inavuma. Mhasibu akapitiwa na usingizi.

Ilipotangazwa chai sikumwamsha. Kumwamsha ningemwamshia nini, aniulize stakabadhi? Nikavuka barabara kwenda kula mihogo ya kukaanga.

Sasa mama wa chai akaingia kukusanya vikombe. Ukumbi mtupu. Chini kuna mtu kafungwa kidevu, kalazwa ubavu wa kulia, kafunikwa nguo nyeupe mpaka masikioni, uso umeelekea kaskazini, ambako kwa sisi watu wa Tanga ndiko kibla. Ukelele alioupiga niliusikia ng'ambo ya barabara, nikadhani ni wa muuza samaki.

Mlinzi hakuingia hata kuhakikisha. Akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mhasibu wetu katutoka, yuko ukumbini."

Niliusoma ujumbe ule muhogo ukiwa mdomoni, na pilipili yake. Moja kwa moja nikajua: pilau limempanda, na mlango wa kutokea nimeufunga mimi. Nimeua mtu kwa fundo! Orodha ya rambirambi ilikuwa imeshaanza, huyu 5,000, yule 10,000. Vidole vinatetemeka, nikaandika: "Alikuwa kama baba yangu. Mimi 50,000, natoa leo leo."

Ndipo nikakimbia.

Ukumbini watu wamejaa mlangoni. Mama wa chai yuko chini anapepewa kwa daftari la mahudhurio. Marehemu kakaa kwenye kiti, kitambaa cheupe mabegani, na yule dada anapambana na fundo kwa ncha ya uma kwa sababu mkasi wa sanduku la huduma ya kwanza haukuwepo. Mdomo haufunguki. Lakini miwani kaivaa, simu iko mkono wa kulia, anaisoma orodha ya rambirambi taratibu, jina kwa jina, vile vile anavyokagua stakabadhi zetu.

Kidole gumba kikasimama. Akaniangalia.

Akainuka, mkono mmoja unaning'inia, akaenda kwenye karatasi kubwa za mwezeshaji, akachukua kalamu nyekundu na kuandika: "50,000/= TASLIMU." Akapiga mistari miwili chini yake.

Kisha, kwa herufi ndogo: "Na stakabadhi."