Historia ya Urusi barabarani, Kirusi kwa kipimo

Mkimbiaji anayetaka kuijua Urusi kwa podikasti asichanganye historia na lugha kwenye mbio moja. Historia inakwenda na mbio. Lugha, kiasi kidogo tu.

Pa kuanzia ni msimu wa 10 wa Revolutions, podikasti ya Mike Duncan, unaohusu mapinduzi ya Urusi. Anasimulia mtu mmoja kwa mfuatano, kwa hiyo ukikatizwa na bodaboda kwenye kivuko unarudisha sekunde 30 na kuendelea. Mijadala ya wasomi watatu wanaokatizana iache kwa siku ya kupiga pasi.

Kinachowapoteza wasikilizaji ni majina na tarehe kuliko matukio yenyewe. Mfalme wa mwisho, Nikolai wa Pili, huitwa pia Nikolai Aleksandrovich, yaani mwana wa Aleksandr. Sisi tuliozoea akina Juma bin Hamisi hatuna haja ya kubabaika hapo. Mji mkuu wake, Saint Petersburg, uligeuka Petrograd mwaka 1914, Leningrad 1924, na kurudia jina la awali 1991. Kalenda nayo ni mtego: katika karne ya 20 ile ya Kirusi ilikuwa nyuma ya yetu kwa siku 13, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba 1917 yaliangukia tarehe 7 Novemba. Waliporekebisha, siku iliyofuata 31 Januari 1918 ikawa 14 Februari! Yasome haya dakika tano kabla ya kufunga kamba za viatu, maana msimulizi hatakusubiri.

Kwa lugha, ruka somo lolote linalokutaka utazame jedwali. Herufi 33 za Kirusi hujifunzwa mezani, kwa kalamu. Barabarani zoeza sikio kushika mkazo. Sisi mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara; wa Kirusi unahamahama, na "o" isiyo na mkazo hulegea ikakaribia "a". Moskva husikika "Maskva", mkazo ukiwa mwishoni kabisa. Aliyeanza na maandishi peke yake huzoea kosa, na kulitoa baadaye ni kazi.

Chukua sentensi chache fupi, uzirudie kwa sauti kwenye mbio nyepesi. Ukishindwa kutamka "Nikolai Aleksandrovich" kwa pumzi moja, tatizo si Kirusi. Umekimbia mno, punguza mwendo. Siku ya vilima au ya mbio za kasi zima kila kitu, kwa sababu pumzi ikibana sauti inaingia masikioni lakini akili haishiki kitu.

Pakua vipindi nyumbani usije ukaishiwa bando njiani, acha kasi ya sauti ile ya kawaida, na sikio lililo upande wa magari lisiwekwe kitu.