Kuumia kazini Marekani: nani amchague daktari?

Davenport na Moline ni miji jirani, imetenganishwa na Mto Mississippi tu. Davenport iko jimbo la Iowa, Moline iko jimbo la Illinois, na wapo Wakongomani na Warundi wanaolala upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili. Ukiumia mkono kazini, mara nyingi ng'ambo uliyoumilia ndiyo huamua nani atakutibu. Illinois unajichagulia daktari, na asipokufaa unaruhusiwa wa pili. Iowa anachagua mwajiri, kwa kuwa ndiye anayelipa.

Mgeni hudhani nchi moja ina sheria moja ya fidia ya kuumia kazini. Watumishi wa serikali kuu wana mpango wao, lakini karibu wafanyakazi wote waliobaki wako chini ya majimbo, na kila jimbo limejitungia sheria yake. Texas hadi leo haiwalazimishi waajiri binafsi wengi kukata bima ya fidia hiyo. Kwingine msingi unafanana: mfanyakazi hatakiwi kuthibitisha kwamba bosi alizembea, analipiwa matibabu na sehemu ya mshahara, na kwa upande wake hawezi kumshtaki bosi kwa uzembe. Mimi nayaona mapatano hayo yana unafuu. Kesi ya uzembe inaweza kwenda miaka, na mwenye nyumba anadai kodi kila mwezi.

Ila mapatano hayo yote yanapita mikononi mwa daktari. Chukua sheria ya Iowa: mkono, kuanzia kiganja, umepangiwa wiki 190 za malipo ukipotea kabisa. Usipopotea, daktari anapima umepungukiwa asilimia ngapi. Akiandika 5, unalipwa wiki tisa na nusu. Akiandika 15, ni wiki 28 na nusu. Mkono ni uleule, tofauti ni tarakimu moja kwenye karatasi.

Waajiri wana hoja, tena si ya kubeza. Daktari aliyezoea majeraha ya kiwandani anaijua kazi yenyewe, anajua mtu arudi lini na asiguse nini. Daktari aliyeelekezwa na wakili wa mgonjwa naye ana upande wake. Sheria ya Iowa pia imeacha milango miwili. Usiporidhika na matibabu, mweleze mwajiri, na akikataa unapeleka ombi kwa kamishna wa fidia. Likisikilizwa kwa simu, uamuzi unatakiwa ndani ya siku 10 za kazi. Na daktari wa mwajiri akikupa asilimia unayoiona ndogo, una haki ya kupimwa na daktari wako mwenyewe kwa gharama ya mwajiri. Haki hii ya pili ndiyo ambayo watu wetu hawaijui kabisa.

Sasa ingia kiwanda cha nyama. Mtu anakata kwenye laini, kisu mkononi, baridi kali, mkato uleule maelfu ya mara kwa zamu. Vidole vinaanza kufa ganzi usiku. Anakwenda kwa nesi wa kiwanda, anapewa barafu na vidonge, anarudi laini. Amehudumiwa, lakini kama hakusema wazi kwamba ganzi imetokana na kazi, kesho bima itauliza alitoa taarifa lini. Iowa inataka mwajiri ajue ndani ya siku 90, Illinois siku 45. Kwa jeraha la ghafla hesabu ni rahisi. Kwa ganzi iliyokuja polepole, mawakili hubishana siku ya kwanza ni ipi.

Ndiyo maana naegemea Illinois, ingawa si kwa moyo mweupe. Mgeni aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hana daktari wa kumchagua, atakwenda atakakoelekezwa. Lakini angalau Illinois anaweza kubadilisha daktari kabla madhara hayajawa ya kudumu. Iowa, daktari huyohuyo wa mwajiri ndiye anayeandika pia kazi nyepesi unayoiweza. Mwajiri akikupa kazi hiyo kwa maandishi ukaikataa kwa sababu mkono bado unauma, malipo ya wiki yanaweza kusimamishwa. Kama unakataa, andika sababu zako, umpe mwajiri, na ubaki na nakala.